Mafuta, nta au vanishi: kipi kipakwe kwenye miko, mbao za kukatia na vyombo vingine vya mbao vya jikoni

Mkereza wa Pwani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi.

Swali la "nipake nini mwiko wangu" linajirudia sana kwenye nyuzi (mijadala) za useremala humu jukwaani, na jibu karibu kila mara huwa ni jina la chupa fulani. Tunaanzia pabaya. Kabla ya kutafuta mafuta, angalia chombo chenyewe kinakutana na nini kila siku: moto, kisu au maji. Hivyo vitatu ndivyo vinavyochagua. Maandishi ya "salama kwa chakula" kwenye kopo hayakwambii lolote kati ya hayo.

Moto kwanza, maana ndio unaosahaulika. Nta ya nyuki inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 za Selsiasi. Ugali unaosongwa uko juu ya hapo kwa mbali. Mwiko uliong'arishwa kwa nta unavua ng'aro wake kwenye sufuria siku ya kwanza, na nta yote inaliwa. Haina madhara, nta ya nyuki ni kiungio kinachoruhusiwa cha chakula, namba yake E901, lakini umepoteza nta na jasho. Mwiko na upawa vinataka mafuta yaliyoingia ndani ya mbao, au visipakwe kitu kabisa. Mwiko uliochongwa kwa mti mgumu ukasuguliwa vizuri unaweza kukaa miaka bila kupakwa chochote, na hakuna aibu kwenye hilo.

Kisu. Chochote kinacholala juu ya mbao kama utando, iwe vanishi, laka au poliyurethani, kitachanwa. Maji yanaingia kwenye mchano, yanakwenda chini ya utando, na hayana pa kutokea. Baada ya hapo utando unainuka magamba, na magamba yanaishia kwenye kachumbari. Ubao wa kukatia upewe kitu unachoweza kukirudishia wewe mwenyewe jikoni kwa tambara ndani ya dakika tano.

Maji. Mbao inavimba ikilowa na inasinyaa ikikauka, na upande wa kichwa (pale nyuzi zilipokatwa) unakunywa maji haraka kuliko ubavu. Mipasuko mingi inaanzia pale. Kwa hiyo hata ukiwa mvivu, vichwa vya ubao vipe mafuta mara mbili ya sehemu nyingine.

Nimeweka msingi. Wenye ujuzi wa nta, mafuta yanayokauka na miti yenyewe karibuni.

Randa na Patasi

Mkuu hapo kwenye vanishi naomba nikuweke sawa kidogo. Watu wakisoma wataondoka wakidhani vanishi ni sumu. Kinachodhuru kwenye vanishi na laka ni thina na viyeyusho vingine, na hivyo vinaruka hewani. Ikishakauka mpaka ndani, na hapo nasema siku 30 kwenye sehemu yenye hewa, si zile saa sita zilizoandikwa kwenye kopo, inabaki plastiki ngumu isiyoingia kwenye chakula kikavu. Sinia ya kuandalia mkate, boksi la mkate, bakuli la matunda, kiti cha mbuzi ya kukunia nazi: vyote hivyo vanishi inafaa, na inafaa kuliko mafuta maana haihitaji kurudiwa kila mwezi.

Jaribio la kujua kama imekauka: nusa. Funga chombo ndani ya mfuko wa plastiki usiku mmoja, asubuhi fungua na kunusa. Harufu ya thina ikikupiga, bado.

Mkereza wa Pwani

@Randa na Patasi hapo hatupingani, fundi. Hoja yangu ni magamba, si sumu. Kwenye mbuzi nakuunga mkono kwa kiti na miguu tu. Ule upande wa mbele karibu na jino, nazi inapodondokea na maji yake, mimi nauacha na mafuta.

Kijiko cha Mzeituni

Wadau, mimi niko Kenya, naongezea kitu cha usalama kabla watu hawajaenda madukani.

Mafuta yanayotumika sana kwa mbao za kukatia ni mafuta meupe ya madini (yanatokana na petroli ghafi iliyosafishwa), yasiyo na rangi, harufu wala ladha. Kwa huku kwetu usiyatafute kwenye hardware. Yako duka la dawa, yanaitwa likwidi parafini, na watu hupewa kama dawa ya kulainisha choo. Ndiyo hayo hayo. Soma chupa, hakikisha imeandikwa ni ya kunywewa, maana nyingine ni ya kupaka ngozi tu.

Sasa hatari iko hapa: Kenya ukimtuma mtoto dukani "lete parafini", ataleta mafuta ya taa. Mafuta ya taa hayapakwi kwenye chombo cha chakula hata tone. Kwa hiyo mtume mtu na chupa ya mfano, au nenda mwenyewe.

Mafuta ya watoto nayo mengi ni mafuta ya madini hayo hayo, ila yametiwa manukato. Ubao utanukia poda wiki mbili na vitunguu vyako pia.

Sifa yake: hayakauki, na hayachachi kama mafuta mengi ya kupikia. Hayakauki maana yake yanabaki majimaji ndani ya mbao, kidogo kidogo yanaondoka kwa sabuni na maji ya moto, kwa hiyo lazima uyarudie. Kasoro hiyo ndiyo bei yake.

Bi Chano

Mbona mnazunguka mbali? Huku pwani vyombo vya mbao vinapakwa mafuta ya nazi, vinadumu, na havinuki. Chano, kata, mbuzi, vyote. Anayesema mafuta ya kupikia yanachacha aeleze kwa nini ya nazi hayachachi.

Mkereza wa Pwani

Bi Chano, shikamoo. Swali zuri na jibu lake ni hesabu.

Mafuta ya mimea yanapimwa kwa namba ya iodini. Namba kubwa maana yake mafuta yanashikana haraka na oksijeni ya hewani. Kuna matokeo matatu. Yenye namba kubwa sana yanashika hewa mpaka yanakuwa utando mgumu: kitani takriban 170 hadi 200, tungi (tung kwa Kiingereza) 160 hadi 175, jozi (walnut) 130 hadi 160 hivi. Hayo ndiyo mafuta yanayokauka. Yenye namba ndogo sana hayashiki hewa kwa urahisi, yanakaa vilevile: nazi ni 6 hadi 11 tu. Shida iko katikati. Alizeti inakaribia 120 hadi 140, soya vivyo hivyo, ufuta 104 hadi 120, mawese 50 na kitu, zeituni 75 hadi 94. Haya yanashika hewa kiasi cha kuharibika lakini hayafiki kukauka yakawa ngumu. Ndiyo maana ubao uliopakwa alizeti unanata kama gundi mbichi halafu unanuka mafuta ya maandazi ya juzi.

Kwa hiyo wa pwani mko sahihi, kwa sharti moja: mafuta yawe hayana maji. Mafuta ya nazi yaliyopikwa nyumbani kutoka kwenye tui yakibaki na unyevu na mashapo, hayo yanaharibika. Yarudishe jikoni kwenye moto mdogo mpaka vipovu viishe kabisa, yaache yatulie usiku, mimina ya juu tu kupitia kitambaa. Yale ya chini pikia wali.

Bi Chano

Marahaba. Hapo tumeelewana.

Mgeni Jikoni

Niko Njombe, mafuta ya nazi asubuhi yameganda kama kimbo. Yanaingia kwenye mbao kweli?

Kijiko cha Mzeituni

Mafuta ya nazi yanaganda chini ya nyuzi 24 hadi 26 hivi. Dar ni majimaji karibu mwaka mzima, Njombe, Limuru au Nyahururu yanaganda usiku. Weka kichupa kwenye bakuli la maji ya moto, na ubao wenyewe uweke juani nusu saa kabla ya kupaka. Mbao yenye joto inanyonya vizuri. Yakishaingia ndani, kuganda kule si tatizo, tena kunasaidia kidogo.

Nta ya Miombo

Naomba nizungumzie nta kwa kirefu maana ndiyo inayochakachuliwa zaidi.

Ukanda wa miombo wa Tabora, Sikonge, Katavi na Kigoma una nta nzuri sana, na bei yake shambani haitishi. Lakini ikifika mjini imekutana na mishumaa. Nta ya petroli ni rahisi, nyeupe, na ikichanganywa na nta ya nyuki mnunuzi wa kawaida haoni. Angalia hivi: vunja kipande kikiwa baridi. Nta halisi inakatika na kuonyesha chembechembe kwenye mvunjiko, na ina harufu ya asali na moshi. Ifinyange mkononi dakika tatu; halisi inalainika na kushikana na vidole, iliyotiwa mishumaa inateleza kama sabuni na kumeguka. Tafuna kipande kidogo, nta halisi haiachi ulimi umepakwa mafuta.

Kusafisha nta ya kienyeji. Tumia sufuria ya alumini au isiyoshika kutu. Chungu au kopo la chuma linaigeuza nta kuwa ya kijivu au kijani chafu. Weka maji ya mvua kama unayo, kiasi cha nusu sufuria, tia vipande vya nta, pasha kwa moto mdogo mpaka viyeyuke, lakini usiache ichemke kwa nguvu maana itachanganyika na maji na kuwa kama uji. Chuja kwa kitambaa cha pamba, funika, acha ipoe polepole usiku kucha. Nta itaganda juu kama sahani. Upande wake wa chini una tope jeusi, likwangue kwa kisu. Rudia mara moja tena. Halafu iyeyushe mara ya mwisho bila maji ili unyevu uishe.

Sasa kuchanganya. Kipimo ni kwa uzito, si kwa kikombe:

Gramu 100 za nta kwa gramu 400 za mafuta inatoa mchanganyiko laini wa kupaka kwa kidole. Gramu 400 za likwidi parafini ni takriban mililita 470, na za mafuta ya nazi ni mililita 435 hivi, maana yana uzito tofauti. Kwa Dar, Mombasa na Lindi, hiyo moja kwa nne inalegea mno kabatini. Nenda moja kwa tatu. Kwa Iringa au Nairobi moja kwa nne, hata moja kwa tano inatosha.

Yeyusha nta juu ya maji: bakuli la chuma au kopo ndani ya sufuria yenye maji, kamwe si juu ya mkaa au gesi moja kwa moja. Nta ikizidi joto inatoa mvuke unaoshika moto, na moto wa nta haumwagiwi maji, unafunikwa kwa mfuniko. Nta ikiyeyuka, mafuta yawe yamepashwa kidogo pia. Ukimimina mafuta ya baridi nta inaganda ghafla na kuacha vidonge ambavyo havitoki tena mpaka uyeyushe upya. Koroga kwa kijiti, mimina kwenye vichupa vya mdomo mpana vilivyokauka kabisa, acha wazi mpaka vipoe ndipo ufunike. Ukifunika ikiwa moto, jasho litadondokea ndani, na ukungu utaanzia hapo.

Randa na Patasi

Safi sana. Naomba hatua za ubao wa kukatia kutoka mwanzo, maana wengi wanapaka kwenye mbao ambayo haikuandaliwa halafu wanalaumu mafuta.

Mkereza wa Pwani

Twende nao.

Mbao iwe imekauka. Kama huna kipimo cha unyevu, weka ubao kwenye mizani ya jikoni kila baada ya siku mbili na uandike uzito. Uzito ukiacha kushuka, basi, imekauka kadiri ya hewa ya kwenu. Mbao mbichi ukiifunga kwa nta itapinda na kutoa ukungu kwa ndani.

Msasa namba 80 kama kuna alama za randa, halafu 120, 180, 240. Usiruke. Alama za 80 hazitolewi na 240, utamaliza karatasi tu. Sugua kufuata nyuzi. Usizidi 320 kwa chombo cha mafuta. Mbao ikifungwa sana kwa ulaini inanyonya kidogo.

Sasa hatua ambayo karibu kila mtu anairuka: lowesha. Pitisha tambara lenye maji juu ya ubao wote, acha ukauke saa kadhaa. Nyuzi zitasimama na ubao utakwaruza kama ndevu za siku mbili. Sugua kwa 240 kwa mkono mwepesi, na urudie maji na msasa mara ya pili. Usipofanya hivi, ubao unakuwa laini siku ya kuuza na unakwaruza baada ya kuoshwa mara ya kwanza, na mteja anasema mafuta yako ni mabovu.

Futa vumbi lote. Paka mafuta ya madini au ya nazi kwa wingi, pande zote mbili, ubavuni na hasa vichwani. Ubao wa sentimita 30 kwa 40 unaweza kunywa vijiko vinne vya chakula au zaidi kwa mara ya kwanza, inategemea mti. Usipake upande mmoja tu, upande mkavu utavuta unyevu na ubao utapinda kama upinde. Acha usiku mzima umesimama. Asubuhi futa kilichobaki, paka tena. Pale kwenye vichwa patakuwa pamekauka, paongeze. Ukiona mafuta yamekaa juu saa nzima bila kuingia, umeshiba.

Mwisho ndiyo nta ya @Nta ya Miombo. Kiasi cha ncha ya kidole kwa eneo la kiganja, sugua kwa duara, acha nusu saa, ng'arisha kwa kitambaa kikavu mpaka mkono uteleze bila kuacha alama. Kidole kikiacha alama, nta imezidi.

Kurudia: dondosha maji juu ya ubao. Yakijikusanya kama shanga, sawa. Yakitandaa na kuacha doa jeusi ndani ya dakika moja, paka. Usihesabu wiki, angalia maji.

Mgeni Jikoni

Hapa mtaani wanauza mafuta ya kitani kwenye hardware, fundi wangu anasema ndiyo ya asili. Nitumie?

Randa na Patasi

Subiri kidogo hapo. Kuna mawili yanayofanana jina. Yale ya hardware yaliyoandikwa kuwa "yamechemshwa" kwa kawaida hayajachemshwa. Yametiwa chumvi za madini kama kobalti na manganizi ili yakauke haraka kwa saa 24 badala ya wiki, na kopo la zamani sana linaweza kuwa na risasi. Hayo ni ya milango na fremu za madirisha. Kwa chombo cha chakula tafuta mafuta ghafi ya mbegu za kitani yanayouzwa kama chakula au kirutubisho. Chupa ndogo, bei kubwa, lakini kazi ya chombo kimoja inahitaji kidogo.

Namna ya kupaka ni kinyume na mafuta ya madini. Hapo ulipaka kwa wingi, hapa paka kiduchu. Tandaza, subiri dakika 20 hadi 30, kisha futa mpaka uone kana kwamba umeyaondoa yote. Mafuta yakiachwa juu yanakauka ngozi tu, chini yanabaki mabichi, na hapo umepata bakuli linalonata ambalo halikauki hata miezi miwili. Weka palipo na hewa na mwanga wa jua usio mkali, siku tatu hadi saba kati ya koti (tabaka la mafuta) na koti, inategemea hali ya hewa. Makoti matatu hadi matano. Halafu uache wiki tatu au nne bila kutumia. Kucha ikisukumwa isiache mfereji, na harufu iwe imekwisha.

Mafuta haya yanafaa kwa bakuli la saladi, kikombe, kijiko cha kuchotea. Koti likikauka linavumilia joto la chakula kuliko nta.

Na matambara! Tambara lenye mafuta ya kitani, tungi au jozi likikunjwa na kutupwa pembeni linatengeneza joto lenyewe wakati mafuta yanashika hewa, na likikosa pa kutolea joto linawaka bila kiberiti. Karakana zimeungua hivyo. Litandaze nje juu ya waya au sakafu ya saruji mpaka likauke kabisa likakakamaa, au lizamishe kwenye maji ndani ya kopo lenye mfuniko. Matambara ya mafuta ya nazi na ya madini kwa kawaida hayana tabia hii.

Kijiko cha Mzeituni

Naongeza hapo: kuna miti inayokataa mafuta yanayokauka. Mpingo na jamaa zake wana kemikali zao za asili zinazozuia mafuta kushika hewa. Utapaka kitani kwenye kijiko cha mpingo, wiki ya tatu bado kinanata. Mpingo haulilii kitu. Msasa mpaka 600, nta kidogo au hata kitambaa kikavu tu, unang'aa wenyewe.

Halafu wanaonunua vijiko vya saladi kwenye vibanda vya vinyago, iwe Mwenge kule Dar, iwe barabarani kuelekea Mombasa, jueni kwamba vingi vimeng'arishwa kwa rangi ya viatu. Kwa kinyago cha ukutani hakuna shida. Kwa kijiko cha kuliwa nacho, hapana. Pitisha tambara jeupe lenye mafuta kidogo ya kupikia; likitoka jeusi au kahawia, ujue. Vilevile mpingo halisi unazama kwenye maji. Ukielea na ukiukwangua chini unakuta weupe, ni mti mwepesi uliopakwa rangi. Kama umeshanunua, msasa 120 mpaka mbao mbichi ionekane, osha kwa maji ya moto na sabuni, kausha, uanze upya kwa mafuta ya nazi. Kama nyuzi zimenyonya rangi mpaka ndani, kiache kiwe pambo.

Fundi Mdogo wa Keko

Wakuu miti gani salama? Mimi natumia mabaki ya mvule na mninga, na paleti.

Mkereza wa Pwani

Mninga, mkongo, msaji, mfenesi, mwembe, mzeituni, jakaranda, vyote vinafanyiwa vyombo. Mvule chombo chake kikikamilika ni kizuri, lakini vumbi lake linawasha pua na ngozi, vaa barakoa ya kweli, si leso. Mnyaa na miti yote ya utomvu mweupe unaounguza macho, achana nayo.

Paleti: tafuta muhuri uliochomwa. Herufi HT maana yake mbao ilipashwa joto mpaka nyuzi 56 katikati kwa dakika 30, hiyo haina dawa. MB maana yake ilifukizwa kwa methaili bromaidi, usiitumie. Isiyo na muhuri, usiitumie. Na hata ya HT, kama ina doa la mafuta au kemikali iliyobebwa, iache iwe kuni za nje.

Nguzo na mbao zenye ukijani wa dawa ya mchwa ndani yake zina shaba, kromiamu na mara nyingi aseniki. Hizo hata kuzichoma ni hatari. Sisemi juu ya oili chafu ya gari, natumaini sihitaji.

Bi Chano

Na mafuta ya maganda ya korosho? Wavuvi wanapaka mashua, mbao haiozi.

Nta ya Miombo

Mama, hayo yabaki kwenye mashua. Yana kemikali zilezile zinazotoa malengelenge mikononi mwa wabanguaji. Sifa (mafuta ya ini) ya papa nayo ni hadithi hiyohiyo upande wa harufu: inahifadhi mbao ya jahazi vizuri kabisa, ila nani atakula chapati kutoka kwenye kibao chenye harufu ya papa.

Mgeni Jikoni

Kibao cha chapati je? Na kisukumio?

Bi Chano

Usipake kitu kwa juu. Unga na mafuta ya chapati vinakitosha. Kisukumio pia. Kisilowekwe tu, kifutwe, kisimamishwe.

Kijiko cha Mzeituni

Nakubali, isipokuwa chini ya kibao na pembeni paka mafuta ya nazi mara moja, kisipinde.

Wenye watoto au wateja wenye mzio: msipake mafuta ya karanga, ufuta wala jozi kwenye chombo cha kuuza bila kukiandika. Mteja hana njia ya kujua kwa macho.

Fundi Mdogo wa Keko

Nina ubao wa zamani wa mama, ulipakwa mafuta ya alizeti, unanata na kunuka. Unaokoleka?

Randa na Patasi

Unaokoleka. Kwangua unato kwa kipande cha kioo au ukingo wa msumeno wa zamani, usianze na msasa, utajaa gundi mara moja. Halafu maji ya moto sana, sabuni ya unga, brashi ngumu, suuza, rudia mara mbili. Kausha kivulini umesimama. Kisha msasa 80 mpaka harufu iishe. Magadi yanakata mafuta haraka zaidi, lakini kwenye mvule, mkongo na miti mingine yenye tanini (kemikali ya asili ya mti inayogeuka nyeusi) yanaweza kuugeuza ubao kuwa mweusi, jaribu upande wa chini kwanza. Stili waya nayo usitumie kwenye miti hiyo ikiwa mibichi kwa maji: vipande vya chuma vikibaki vinatoa madoa ya buluu-nyeusi.

Harufu ya vitunguu na samaki ni jambo lingine, chumvi ya mawe na nusu limao inatosha. Baada ya kukata kuku mbichi, osha kwa sabuni na maji ya moto, halafu kijiko kimoja cha chakula cha dawa ya klorini isiyo na manukato kwenye lita nne za maji, acha dakika chache, suuza, simamisha ukauke. Klorini na sabuni vinaondoa mafuta, kwa hiyo ubao ukikauka upake tena.

Fundi Mdogo wa Keko

Asante kaka. Na bungua? Mwembe wangu unatoa unga mweupe kwenye vitundu.

Kijiko cha Mzeituni

Dawa ya wadudu usiguse. Kijiko au mwiko mdogo uchemshe kwenye maji dakika 30 na zaidi, ukaushe polepole kivulini usipasuke, halafu msasa na mafuta. Ubao mkubwa funga kwenye plastiki uuweke kwenye friza siku kadhaa, uutoe, uurudishe tena. Vitundu vikubwa viachwe wazi au ubao uachwe, maana chakula kitakaa humo.

Mgeni Jikoni

La mwisho wakuu, kinu kipya na mchi wake.

Mkereza wa Pwani

Ndani ya kinu usipake mafuta wala nta. Osha vumbi, kausha, halafu twanga pumba au mahindi makavu, mwaga, twanga tena, mpaka unga utoke bila chembe za mbao. Shida ya kinu kipya ni kupasuka, kwa sababu kimechongwa kwenye gogo na vichwa vyote viwili viko wazi, vinakauka kabla ya tumbo. Yeyusha nta juu ya maji, uipake ya moto kwenye ukingo wa juu kwa nje na kitako chote, koti mbili. Tumbo la nje lipate mafuta ya nazi. Kaa nacho kivulini miezi ya mwanzo, na usikiache juani baada ya kukiosha hata kama jirani anafanya hivyo. Mchi paka mafuta pale pa kushika tu.